"Hakuna mgongano" si ruhusa ya kuunganisha

Juzi nimeandikiwa tena. Ombi la kuunganisha, yaani la kuingiza mabadiliko ya mtu kwenye mradi wetu wa programu, lilikuwa na siku tano tangu lifunguliwe, na mchangiaji alishachoka kusubiri: "Kaka, Git yenyewe inasema hakuna mgongano, na majaribio yote ni ya kijani, yamepita. Unangoja nini?" Ameuliza kwa heshima, na kiraka chake ni kizuri. Ila swali hilo nimelijibu mara nyingi mno, kila mara kwa sentensi mbili za haraka ambazo hazimridhishi mtu. Leo nalijibu kwa kirefu.

Git ni chombo cha kutunza historia ya msimbo, yaani maandishi ya programu, na kuunganisha kazi za watu wengi. Haijui programu yako inafanya nini. Inajua mistari. Ukiiambia iunganishe matawi mawili, yaani njia mbili za msimbo mmoja zinazoendelezwa kila moja kivyake, inatafuta pale yalipoachana, kisha inalinganisha kila upande na hali ya msimbo ilivyokuwa hapo. Palipobadilishwa na upande mmoja tu, inachukua badiliko hilo. Palipobadilishwa na pande zote mbili kwa namna tofauti, inasimama na kukuita. Basi. Mgongano maana yake ni kwamba watu wawili wamegusa sehemu ile ile ya faili moja. Kukosekana kwa mgongano maana yake ni kwamba hawakugusa sehemu ile ile. Katika hesabu yote hiyo Git haijausoma msimbo kwa maana yake, haijaujenga, wala haijauliza kama wawili hao wanaelewana.

Na ile kijani? Majaribio yako yaliendeshwa juu ya tawi kuu, lile la pamoja ambalo kazi zote huingia, kama lilivyokuwa siku ulipotuma. Tangu hapo limepokea mabadiliko ya watu wengine. Kijani unachonionyesha ni cha siku tano zilizopita.

Nitoe mfano uliotupata sisi. Tulikuwa na fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake) iitwayo `subiri_jibu`, ambayo ilipokea idadi ya sekunde ambazo programu ivumilie kabla ya kukata tamaa na seva. Mwenzetu mmoja, kwa sababu nzuri kabisa, akaibadilisha ipokee milisekunde. Alifanya kazi safi. Alitafuta kila mahali fanksheni hiyo ilipoitwa, akapata sehemu 14, akazirekebisha zote: `subiri_jibu(30)` ikawa `subiri_jibu(30000)`. Wiki hiyo hiyo mwenzetu mwingine alikuwa na tawi lililoongeza faili mpya ya kuvuta picha, na ndani yake kulikuwa na mstari mmoja ulioandikwa kwa desturi ya zamani: `subiri_jibu(30)`. Yule wa kwanza asingeweza kuuona mstari huo, kwa sababu haukuwa kwenye tawi kuu wala kwenye tawi lake. Nikaunganisha la kwanza Jumanne, la pili Alhamisi. Hakukuwa na mgongano hata mmoja, na majaribio yote yalipita.

Wiki tatu baadaye, baada ya toleo kutoka, malalamiko yakaanza: picha haziji. Kwetu zilikuja. Kwa mwenye mtandao wa kasi zilikuja. Kwa mwenye mtandao mzito hazikuja kamwe, kwa sababu programu ilikuwa inasubiri milisekunde 30 badala ya sekunde 30, halafu inaondoka zake. Ikabidi niingie kwenye `git bisect`, inayokata historia nusu kwa nusu hadi badiliko la kwanza lenye ubovu lipatikane. Tulikuwa na mabadiliko 600 na kidogo, nikahitaji hatua 10. Ikaniletea ule muungano wenyewe. Wazazi wake, yaani zile pande mbili zilizounganishwa, wote wazima; muungano wao ndio mgonjwa. Hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa vibaya na mtu yeyote. Ungemsoma kila mmoja peke yake, ungempitisha. Mimi ndiye niliyewapitisha.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kuniambia: weka foleni ya kuunganisha. Yaani kila ombi kwanza liunganishwe pembeni na tawi kuu la sasa hivi, majaribio yote yaendeshwe juu ya mchanganyiko huo, na tawi kuu lisogee pale tu yanapopita. Mradi wa lugha ya programu ya Rust umefanya hivyo kwa roboti kwa miaka mingi, na nakubali kabisa kwamba ni njia bora kuliko kuamini kijani cha zamani. Tumeiweka. Lakini isingetuokoa siku ile. Seva yetu ya majaribio ilikuwa kwenye mashine ile ile na ilijibu chini ya milisekunde 30, kwa hiyo mchanganyiko mbovu ungepita pia. Foleni inakamata kile ambacho majaribio yako yanaweza kukamata, haizidi hapo.

Kilichokuwa kinatakiwa ni kitu kidogo zaidi: kubadilisha jina. Ukibadilisha maana ya fanksheni, ibadilishe na jina lake. Kama ingeitwa `subiri_jibu_ms`, na lile jina la zamani likafutwa, ile faili ya picha ingelia mara moja kwamba jina halipo, foleni ingeikataa, na tungemaliza suala kwa dakika tano. Siku hizi badiliko la maana lisilo na badiliko la jina silipitishi, hata mtu akiniona mkaidi. Jina jipya hufanya kosa lipige kelele palepale badala ya kungoja mtumiaji alione.

Tena mgongano wenyewe si adui. Migongano mingi ni upuuzi mtupu: watu wawili wameongeza kila mmoja mstari wake mwishoni mwa orodha ya mabadiliko ya toleo. Sisi tuliacha kutumia faili moja ya orodha, kila badiliko likawa na kafaili kake, na wakati wa toleo tunayakusanya. Migongano ile ikaisha. Lakini ule mgongano wa kweli, unaotokea kwenye kiini cha msimbo, ni taarifa ya thamani: unakuambia watu wawili wana mawazo mawili kuhusu sehemu moja, nao wazungumze. Mchangiaji akipokea mgongano wa namna hiyo kisha akachagua upande wake kwa kubofya ili ile rangi nyekundu iondoke, ameitupilia mbali taarifa yenyewe.

Watazame watu wa Linux, kiini cha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Git iliandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo huo huo, kwa hiyo kama kuna mahali ambapo kuunganisha bila mgongano kungetosha, ni pale. Hakutoshi. Dirisha la kupokea mapya hufunguliwa kwa wiki mbili tu, halafu wiki kadhaa zinazofuata ni za kurekebisha, na toleo hutoka kila wiki 9 au 10. Kabla ya dirisha, kuna tawi la linux-next, lililoanzishwa mwaka 2008, ambalo huunganisha hazina za watunzaji wengi pamoja na kujaribu kuujenga mchanganyiko huo, ili yasiyopatana yaonekane mapema. Na hati zao zinawaambia watunzaji wasivute tawi kuu kwenye matawi yao ili tu kuificha migongano, kwani Torvalds anapendelea aione na aitatue mwenyewe.

Sisi hatuna watu wengi hivyo. Tuna wahakiki wanne, na kila mmoja ana kazi yake ya mchana. Kwa hiyo swali la "unangoja nini" lina jibu moja la kweli: nangoja mtu mwenye saa nzima isiyokatizwa, asome badiliko lako akiwa na yale mengine yaliyofunguliwa kichwani. Kutafuta kwenye tawi kuu peke yake hakutoshi, maana hatari imo kwenye matawi ambayo bado hayajaingia. Kabla sijapitisha badiliko linalogusa fanksheni inayotumiwa na wengi, navuta matawi yote ya maombi yaliyo wazi na kutafuta jina hilo ndani ya kila moja. Inachosha. Mara mbili imenionyesha kitu ambacho nisingekiona kwingine.

Kuna jambo moja sina uhakika nalo hadi leo. Ili ombi lisomwe na kujaribiwe juu ya tawi kuu la sasa kabla halijafika kwenye foleni, inabidi mtu alipange upya, yaani ahamishie mabadiliko yake juu ya tawi kuu la leo, na tawi kuu linasogea kila siku. Kumwambia mtu wa kujitolea "lipange upya" mara moja ni sawa. Mara ya tatu, kwa kosa ambalo si lake, anaondoka, na nimewapoteza watu wazuri hivyo. Siku hizi nikiona mtu ameshafanya mara moja, za baadaye nazifanya mimi. Git inatunza mwandishi na aliyeingiza kama majina mawili tofauti, kwa hiyo heshima ya kazi inabaki kwake. Lakini nikirekebisha mistari sita katikati ya kazi yake, ile bado ni kazi aliyoikubali? Wenzangu wawili wanasema ndiyo. Mmoja anasema nimuulize kila mara, na kumuuliza ni siku nyingine tatu za kusubiri jibu.

Kuhusu ombi la siku tano: nimelipanga upya jana usiku. Linaunganika bila mgongano, kama ulivyosema. Ila limeita `soma_mipangilio` kwa utaratibu uliobadilika wiki iliyopita, na jaribio moja limeanguka kwa sababu hiyo. Nimekuachia maoni kwenye mstari wenyewe. Ukipenda nirekebishe mimi, niambie, leo jioni nina saa moja.