Lenzi za renjifainda kwenye kamera isiyo na kioo: adapta ni nini hasa

Kuna swali naulizwa sana nikiwa na kamera shingoni. Mtu anaangalia mbele ya Sony yangu anakuta kilenzi kidogo cha chuma chenye herufi za Kirusi, anashangaa, hii imeingiaje hapa? Jibu fupi ni adapta. Jibu refu ni habari ya milimita, na hiyo ukiielewa utajua mwenyewe lenzi gani itakubali kwenye kamera yako na ipi itakula hela yako bure.

Tuanze na renjifainda maana neno lenyewe linatisha bila sababu. Ni kamera ambayo ukichungulia huoni kupitia lenzi, unachungulia kidirisha kilichopo juu pembeni ya bodi, na katikati ya hicho kidirisha kuna kieneo kidogo ambacho kitu kimoja unakiona viwili viwili kama mtu mwenye usingizi. Unazungusha lenzi, zile picha mbili zinasogeleana, zikilaliana fokasi imekaa, unabonyeza. Ndani ya bodi kuna kijimkono kinachosukumwa na mgongo wa lenzi, hicho ndicho kinachojua umezungusha mpaka wapi. Leica ndio wanatajwa sana kwenye habari hizi, Leica II ya mwaka 1932 tayari ilikuwa na huo mtambo umeunganishwa na lenzi, lenzi zenyewe zilikuwa za kufunga kwa skrubu ya milimita 39 ambayo watu wanaiita M39, halafu mwaka 1954 ikaja Leica M3 na maunti, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye bodi, ya M ambayo lenzi zake zinatengenezwa mpaka leo. Wasovieti wakaiga na FED na Zorki zao, Canon wa Japani naye alitengeneza lenzi za skrubu hiyohiyo, kwa hiyo duniani zimejaa na si zote bei ya Leica, ashukuriwe Mungu.

Sasa kwenye kamera yoyote kuna kipimo kimoja ambacho hakiandikwi kwenye boksi, mi nakiita nafasi ya ndani. Ni kutoka pale lenzi inapokalia, ile ringi ya chuma, mpaka kwenye filamu au sensa, kile kibamba kinachopokea picha kwenye kamera ya dijito, ni milimita ngapi. Kila mfumo una namba yake na lenzi imetengenezwa kwa namba hiyo, ukiiweka mbele zaidi au nyuma zaidi ya hapo mambo yanaharibika. DSLR, zile kamera za dijito za kioo, ina kioo kinachoruka juu kila ukipiga na kioo kinataka uwanja wa kurukia, ndio maana nafasi yake ni kubwa, Canon EF ni milimita 44 na Nikon F ni 46.5. Renjifainda haina kioo cha kuruka, lenzi inakaa karibu na filamu, maunti ya M ni 27.8 na ile ya skrubu ni 28.8. Halafu zikaja hizi tunazotumia sasa, Panasonic G1 ya 2008 ndio iliyofungua njia, kioo wakakitoa kabisa, nafasi ikawa ndogo kuliko hata ya Leica: Sony E ni 18, Fujifilm X ni 17.7, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16.

Fanya hesabu ya darasa la pili. 27.8 toa 18 unapata 9.8. Hiyo milimita 9.8 ndiyo adapta yenyewe, basi, hakuna kingine. Ni pete ya chuma yenye uwazi katikati, upande mmoja inapokea lenzi ya M, upande mwingine inaingia kwenye Sony, kazi yake kujaza pengo. Ndani haina kioo wala waya, haili mwanga, haigusi picha, ni sawa na kile kipande cha mbao unachochomeka chini ya mguu mfupi wa meza. Ndio maana pia hutakuta adapta ya kawaida ya kuweka lenzi ya M kwenye DSLR, maana hapo hesabu inatoka hasi, lenzi ingebidi izame ndani ya bodi na kioo kiigonge.

Watu wanasikia "pete tu" wanaenda kununua yoyote ya bei chee. Ngoja. Chukua karatasi moja ya fotokopi uipapase kwa vidole, unene wake ni kama milimita 0.1. Adapta ikizidi unene kwa kiasi hicho tu, lenzi yako ya milimita 50 fokasi inaishia mita 25, na ya milimita 35 inaishia mita 12 na kidogo. Unampiga rafiki yako aliyekaa mezani anatoka safi, unageukia jengo la ng'ambo ya barabara linatoka kama kioo kimepakwa mafuta, unazungusha mpaka kwenye ile nane iliyolala, alama ya mbali kabisa, lenzi inagota, bado. Karatasi moja hiyo! Viwandani wanalijua hili kwa hiyo adapta nyingi za bei ndogo wanazifanya nyembamba kidogo makusudi, ili mbali ufike na hata upitilize. Kwa anayefokasi kwa kuangalia skrini haina shida, lakini ile mistari ya mita iliyochorwa kwenye lenzi inakuwa inakudanganya, na kwenye lenzi pana, zile za milimita chache zinazochukua eneo kubwa, ndio usiseme, lenzi ya milimita 21 kwenye adapta iliyopungua karatasi moja, ukiseti mita 4 na nusu kumbe umeseti mbali kabisa kule mwisho. Wale wanaopiga mtaani kwa kuseti mita tatu na kuachia wanaumia hapo bila kujua kinachowaumiza.

Kitu kingine cha kuangalia ni kuchezacheza. Ukishafunga, shika lenzi uitikise kidogo, ikicheza tafuta nyingine. Na kama lenzi zako ni za skrubu, usinunue adapta yake ya peke yake, nunua ile ringi nyembamba ya milimita 1 inayogeuza M39 kuwa M halafu adapta yako iwe ya M, hapo umeshaingia familia zote mbili kwa adapta moja.

Mi mwenyewe nililizwa, ila sio na adapta. Niliona Industar, lenzi ya Kisovieti, mtandaoni, skrubu ya 39, bei nzuri, nikaagiza. Ilipofika ikaingia vizuri bila hata kulazimisha, nikawasha kamera, ukungu mtupu. Dirishani ukungu, ukutani ukungu, nikaanza kusogeza kikombe cha chai taratibu kuja kwenye lenzi, kilipofika kama sentimita 20 ndio nikaona ua lililochorwa pale pembeni, tena kali hasa. Nikamwandikia muuzaji meseji ndefu ya hasira. Akajibu kwa upole tu, kaka hiyo ni ya Zenit, niliandika kwenye tangazo. Nikarudi kusoma, kweli imeandikwa. Zenit ni kamera ya kioo, na zile za mwanzo zilitumia skrubu ya upana uleule wa milimita 39 lakini nafasi yake ya ndani ni 45.2, kwa hiyo kwenye adapta yangu lenzi ilikuwa imekaa milimita 16.4 ndani kuliko inavyotaka...

Hapana, subiri, hesabu iko sawa ila habari ya kikombe nimeruka kipande, na ndipo wengi tunapojichanganya. Ikikaa ndani kuliko inavyotaka haioni karibu, inapitiliza mbali. Kwangu ilitaka 45.2 ikapewa 28.8, kwa hiyo ili fokasi ije ilibidi lenzi itoke mbele zaidi ya pete yake inavyoweza, na ningeona ukungu kila mahali hata kwenye kikombe. Kilichonitokea kilikuwa kinyume, maana nilipoona haikubali nilikuwa nimeifungia ile ringi ndefu ya kupigia vitu vidogo niliyokuwa nayo, milimita 30 na zaidi, nikiamini naisaidia, nikaizidishia. Kwa hiyo kumbuka hivi: lenzi ikikaa nje sana inaona karibu tu, ikikaa ndani sana haioni kitu. Ya Zenit kwenye adapta ya renjifainda inakaa ndani sana, inataka kuongezewa milimita 16.4 kamili.

Kuzitofautisha ni rahisi ukiwa nayo mkononi. Igeuze uangalie mgongoni huku unazungusha fokasi. Ya renjifainda ina ringi laini ya chuma inayoingia na kutoka, ndiyo ile inayosukuma kijimkono nilichokitaja juu, ya Zenit haina. Jupiter-8, lenzi nyingine za Kisovieti, nazo angalia, ziko za skrubu na ziko za kamera ya Kiev ambazo maunti yake ni ya aina ya Contax, hizo kwenye adapta ya M39 hazikai kabisa.

Ukishafunga, kamera haijui kama kuna lenzi. Itagoma kupiga, inabidi uingie kwenye menyu uiruhusu kupiga bila lenzi, kila kampuni imelificha mahali pake. Kwenye taarifa za picha f, ile namba ya ukubwa wa tundu la mwanga, haitasomeka. Kama bodi ina kituliza mtikisiko ndani, mwambie mwenyewe lenzi ni ya milimita ngapi, ukisahau ikabaki 135 wakati umefunga 35 itatuliza kwa fujo na picha itatikisika zaidi. Tundu la mwanga unafungua na kufunga kwa pete ya lenzi, fokasi kwa mkono, na hapa kuna raha ambayo mwenye renjifainda halisi hana: wewe unaona kupitia lenzi yenyewe. Kule kijimkono kikipotea kipimo kidogo tu fokasi inakosea na huwezi kujua mpaka picha itoke, huku unachokiona ndicho sensa inachokiona. Kuza picha kwenye skrini, zungusha mpaka kope za mtu zikae, piga. Zile rangi nyekundu ambazo kamera inawasha kwenye kingo za vitu vilivyokaa kwenye fokasi zinasaidia kwa haraka lakini ukiwa umefungua f/2 au chini usiziamini sana, kuza. Halafu Jupiter-8, ambayo ni nakala ya Sonnar, lenzi ya Zeiss wa Ujerumani, na wenzake wa ukoo huo, fokasi inasogea unapofunga tundu, kwa hiyo fokasi ukiwa kwenye f ileile utakayopigia.

Lenzi hizi hazikaribii sana, nyingi zinaishia sentimita 70 au mita moja kwa sababu ya ule mtambo wa renjifainda. Kuna adapta zenye kijipete cha kuzungusha zinazoisukuma lenzi mbele ukapata karibu zaidi, kwa maoni yangu hiyo ndiyo ya kununua kama mfuko unaruhusu. Ziko pia zenye mota, Techart wana ya Sony, inaisogeza lenzi nzima mbele na nyuma na unapata fokasi ya otomatiki kwenye lenzi ya babu yako.

Sasa shida ya kweli, na hii adapta haiwezi kuitibu hata ukinunua ya bei ghali namna gani. Lenzi pana za renjifainda zinakaa karibu mno na filamu, kwa hiyo mwanga unaokwenda kwenye kona unafika umelala. Filamu haijali mwanga umelala au umesimama. Sensa inajali, kwa sababu mbele yake kuna bamba la kioo, Leica kwenye M9 yao ya 2009 walilifanya jembamba, chini ya milimita moja, kamera nyingi za wengine lina kama milimita mbili. Weka kijiti kwenye glasi ya maji, unaona kimevunjika pale kinapoingia? Ndicho kinachoupata mwanga uliolala ukikutana na kioo kinene, unapindishwa, kona za picha zinakuwa kama zimefutwa na kidole, na kwenye sensa nyingine zinaingia na rangi ya zambarau. Sensa za muundo mpya kama ya Sony A7R II ya 2015 zilipunguza sana ile zambarau, kufutika hakukuondoka maana kioo bado kipo.

Kwa hiyo milimita 50 kwenda juu piga bila wasiwasi. 35 inategemea lenzi. 28, 21, 15 za zamani uwe umejiandaa, ingawa Voigtländer waliichora upya ile 15 yao kwa ajili ya sensa, toleo la tatu, na hiyo kwenye Sony iko vizuri. Jupiter-12 ya milimita 35 ina kioo cha nyuma kimetokeza kama jicho la samaki, kuna bodi na adapta zinazogusana nacho, usiisukume kwa nguvu. Na zile lenzi za kukunja, Industar-22 kwa mfano, usiikunje ikiwa imefungwa kwenye kamera ya dijito, ule mrija unarudi ndani kwenye shata, lile pazia la mbele ya sensa. Ukiwa na Fujifilm X au kamera yenye sensa ndogo kama hiyo kona mbovu zinakatwa zenyewe, ila zidisha 1.5, lenzi ya 50 inaona kama 75.

Kwa tunaokaa pwani, kabla hujalipia lenzi ya miaka ya sitini washa tochi ya simu uimulike kwa nyuma, ukiona nyuzi kama za buibui hiyo ni fangasi, achana nayo.

Ile Industar ya Zenit sikuirudisha. Na ile ringi ndefu iliyoniponza nimeiacha hukohuko nyuma yake, naitumia kupiga pete za maharusi.