Je, wajua kwa nini wanamuziki huchomea nyaya mpya ndani ya Game Boy ya 1989?

Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa nchini Japani mwezi Aprili 1989, ilikuwa kidude cha kijivu chenye skrini ya kijani isiyo na taa, spika moja ndogo na nafasi ya betri 4 za AA. Hakuna aliyeiunda akifikiria kwamba siku moja ingepanda jukwaani. Hata hivyo, Ulaya, Marekani na Japani wapo wanamuziki wanaozinunua mashine hizo zikiwa kuukuu, wakazifungua kwa bisibisi, wakazilehemu nyaya mpya na kuziunganisha na spika kubwa za ukumbi. Kwa nini mtu ajisumbue hivyo, ilhali kompyuta yoyote ya leo ina programu za kuiga mlio ule ule?

Jibu linaanzia kwenye chipu. Ndani ya kichakataji cha Game Boy, kilichotengenezwa na Sharp, mna sehemu ya kuzalisha sauti yenye njia 4. Njia 2 za kwanza hutoa mawimbi ya mraba, yaani umeme unaopanda na kushuka ghafla, na mtunzi huchagua ni sehemu gani ya kila mzunguko umeme utakaa juu: asilimia 12.5, 25, 50 au 75. Asilimia 12.5 hutoa mlio mwembamba wa puani, na 50 hutoa mlio mpana uliojaa. Zile za 25 na 75 sikio halizitofautishi, kwa kuwa moja ni mwenzake aliyepinduliwa juu chini. Njia ya 3 humwachia mtunzi achore umbo la wimbi mwenyewe kwa nukta 32, kila nukta ikiwa na ngazi 16 tu za kimo, na mara nyingi ndiyo inayobebeshwa besi. Njia ya 4 hutoa mvumo usio na noti maalumu, ambao ukikatwa vipande vifupi hugeuka ngoma na matoazi.

Kila njia hupiga noti moja tu kwa wakati mmoja. Anayetaka noti tatu za pamoja kutoka njia moja hana budi kuzipokezanisha haraka mno, mpaka sikio lizipokee kama kitu kimoja kinachotetema. Mtetemo huo, ambao wapenzi wa muziki wa chipu huutambua papo hapo, umezaliwa na uhaba wa njia.

Kwa miaka 9 hivi chipu hiyo ilibaki mikononi mwa wale walioandikia michezo programu. Mwaka 1998 Mjerumani Oliver Wittchow alitoa Nanoloop, programu ya kutungia muziki kwenye Game Boy, na mwaka 2000 Johan Kotlinski wa Sweden akatoa Little Sound Dj, ambayo watumiaji huiita LSDJ. Programu hizi huingia kwenye katriji, kile kikasha kinachochomekwa kwenye mashine, kama mchezo wowote, lakini vitufe vilivyokuwa vya kumrusha mhusika huwa vya kuandika noti, na wimbo mzima hupangwa kwa safu za herufi na tarakimu. (Nintendo nayo ilikuwa imeweka chombo kidogo cha kutungia muziki ndani ya kamera ya Game Boy, iliyotoka mwaka huo huo wa 1998, ingawa wengi walioinunua waliishia kupiga picha tu.)

Mtunzi alipochomeka mashine kwenye spika za ukumbi ndipo kasoro ilipoonekana. Sauti inayotoka ndani ya chipu ni safi kuliko ile inayofika kwenye tundu la vipokea sauti vya masikioni. Njiani hupitia kizungusho cha kupandisha na kushusha sauti, kisha amplifaya ndogo iliyokusudiwa sikio la mtu mmoja, ambayo huongeza mvumo wake na kupunguza nguvu ya besi. Isitoshe, ndani ya mashine mna ubao mdogo unaobadili umeme wa betri, volti 6, kuwa volti 5 za saketi na volti nyingine za skrini, na kazi yake husikika kama mlio wa chinichini. Katika spika ya sentimita chache hakuna anayeujali, lakini ukumbini kila mtu anausikia.

Kwa hiyo marekebisho makuu huiacha chipu kama ilivyo na kukiondoa kilichosimama kati yake na msikilizaji. Fundi hufungua skrubu za nyuma, ambazo vichwa vyake vina mabawa matatu na huhitaji bisibisi yake maalumu, kisha hukitafuta kizungusho cha sauti ukingoni mwa ubao. Kwenye miguu yake ya chuma, mahali ambapo sauti imefika lakini bado haijapunguzwa wala kukuzwa, hulehemu nyaya 3: ya kushoto, ya kulia na ya ardhi. Nyaya hizo huzipeleka kwenye tundu jipya alilolitoboa kwenye kasha, mara nyingi matundu ya RCA, yale mekundu na meupe yaliyozoeleka nyuma ya deki. Kuanzia hapo kizungusho hakina mamlaka juu ya sauti inayotoka kwenye tundu hilo. Kiwango huamuliwa kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Kwa maoni yangu, hakuna rekebisho lingine linalolipa kiasi hiki kwa kazi ndogo kama hii.

La pili ni skrini, kwa sababu jukwaani kuna giza. Fundi huibandua taratibu karatasi inayoakisi mwanga iliyogandishwa nyuma ya kioo, kisha hupenyeza kibao chembamba cha taa za LED. Kioo hukwaruzika kwa urahisi, na wanaoanza huharibu kadhaa kabla mkono haujatulia. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: huigeuza karatasi ya kuchuja mwanga kwa nyuzi 90, ili nyeusi iwe nyeupe, halafu huweka chipu ndogo ya 74HC04 inayopindua ishara za picha zirudi sawa. Matokeo ni maandishi yanayosomeka waziwazi, na katika LSDJ, ambako kosa la tarakimu moja huvuruga wimbo, hilo si anasa.

Rekebisho la tatu hugusa mwendo wa chipu yenyewe, na linawagawa watu. Mwendo wa mashine nzima huongozwa na kipande cha fuwele kinachopiga mara 4,194,304 kwa sekunde. Fuwele hiyo ikibadilishwa kwa saketi inayorekebishika, kama ile ya LTC1799, mpigaji huweza kuzungusha kitufe na muziki ukapanda au kushuka, noti na mwendo kwa pamoja. Ikizidishwa mno, programu hukwama.

Kuhusu kompyuta, programu za kuiga Game Boy huzikokotoa njia zile 4 kwa usahihi mkubwa, na watunzi wengi huzitumia wanapoandika. Kinachozishinda zaidi ni safari ya sauti kutoka chipu hadi tundu, ambayo hutofautiana hata baina ya matoleo ya Game Boy: toleo la kwanza la 1989 hupendwa kwa besi yake nzito. Ndiyo maana wimbo uliokamilika kwenye kompyuta huhamishiwa kwenye katriji, na kurekodiwa kupitia zile nyaya 3.