"Imefanyiwa majaribio" maana yake nini hasa?

Hii sentensi "imefanyiwa majaribio, inapunguza mafuta mwilini" mi nimeshaichoka. Kila mwenye dondoo la mitishamba, yaani dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye mmea, anaiandika, halafu ukimuuliza majaribio gani anakutumia picha ya dada mmoja, kushoto mnene, kulia kapungua. Jamani, hizo ni picha mbili.

Jaribio kwa kifupi ni hivi: unachukua wanawake wenye uzito uliozidi, tuseme BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 25 kwenda juu, unawagawa kwa kura makundi mawili, hawa wanameza dondoo na wale wanameza plasebo, yaani kidonge kinachofanana kila kitu ila dawa hakina, na hakuna anayejua kameza kipi, hata anayewapima hajui. Baada ya wiki kadhaa mnalinganisha. Basi.

Sasa hapo kwenye kulinganisha ndo watu wanapoteleza. Wanaangalia kundi la dondoo limepungua kilo ngapi, wanashangilia, wakati namba yenyewe ni tofauti kati ya hao na wa plasebo. Chukua garcinia, dondoo la tunda linalouzwa kama la kupunguza uzito, maana ndo inatangazwa mno. Mwaka 1998 jarida la JAMA la Marekani lilitoa jaribio la watu 135 waliozidi uzito, wake kwa waume, wiki 12, wote wamewekwa kwenye diet ileile. Waliomeza garcinia walipungua wastani wa kilo 3.2, na ukiishia hapo unaweza kabisa kuibandika kwenye chupa ukauza. Ila wa plasebo walipungua 4.1! Si kwamba garcinia inanenepesha, tofauti ile ilikuwa ndogo kiasi kwamba inaweza kutokea kwa bahati tu, ila huwezi tena kusema kilo zile zimeondolewa na garcinia wakati wasioigusa nao wamepungua.

Halafu hizo ni kilo, bado hatujagusa mafuta. Mzani unapima maji, misuli, mpaka chakula kilichoko tumboni. Majani ya sena yanaharisha, kwa hiyo ukiyanywa usiku asubuhi mzani unaweza kushuka na mafuta yako palepale, na mwanamke anaweza kujaa maji siku za hedhi zikikaribia, ukimpima siku hizo halafu ukampima tena zikishapita utaona "matokeo" ambayo hata maji matupu yangeyatoa. Ndo maana watafiti makini wanatumia DEXA, mashine ya eksirei hafifu inayotenganisha mafuta na misuli na mifupa.

Na wale wa "ni mmea tu, hauna madhara", mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Ubelgiji wanawake wa kliniki moja ya kupunguza uzito walipewa mitishamba ya Kichina ambayo ndani yake iliingia Aristolochia, mmea wenye sumu, badala ya mmea uliokusudiwa. Zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Jaribio la kweli linaandika na madhara, haliandiki kilo peke yake.

Muuzaji akisema "wateja wangu wengine wamepungua", sina ugomvi naye, inawezekana kabisa wamepungua. Akisema imefanyiwa majaribio, muulize tu kwa upole, wa plasebo walipungua ngapi?