Umoja wa forodha: kwa nini bado unalipa Namanga

Watu wengi wakisikia "umoja wa forodha" hudhani ni mpaka usio na malipo. Hiyo ni nusu ya maana, tena ile nyepesi.

Nchi zikikubaliana tu kutotozana ushuru kwa bidhaa zao, hilo ni eneo huru la biashara. Umoja wa forodha una sharti la ziada: mzigo unaotoka nje ya kundi hutozwa ushuru uleule wa pamoja, uingilie Mombasa au Dar es Salaam. Bila hivyo, mwagizaji mjanja angeushusha kwenye bandari ya bei nafuu kisha auvushe kwa jirani bure.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza hivyo Januari 2005. Malighafi kutoka nje zikapewa asilimia sifuri, bidhaa za kati 10, zilizokamilika 25. Julai 2022 kikaongezwa kiwango cha 35 kwa bidhaa kama nguo na samani, ili viwanda vya ndani vipumue. Lakini kila bajeti ya Juni nchi huomba ruhusa ya kutoza tofauti kwa mwaka mmoja, huyu mchele, yule chuma, mpaka neno "pamoja" linabaki na matundu.

Sasa chukua katoni za sabuni kutoka kiwandani Nairobi, zimefika Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Ushuru wa forodha ni sifuri, mradi uwe na cheti cha uasili kinachothibitisha zimetengenezwa ndani ya Jumuiya. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chepesi, hujazwa hapohapo mpakani. Huna cheti? Sabuni yako itahesabiwa kama imetoka Dubai. Na hata ukiwa nacho, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) iko palepale, kwa sababu hiyo ni kodi ya nchi, haimo katika ushuru wa forodha. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa dirishani huanzia.

Kisha kuna kuzuiwa bila kutozwa hata senti. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo cheti cha kupimwa. Vizuizi vya namna hii wataalamu huviita vikwazo visivyo vya kiforodha. Dereva aliyelala chini ya lori lake ana jina lingine, ila haliandikiki hapa.