Luku za vijana, mitumba na filamu huru: yasemwayo Kisumu na Nakuru

Ukitaja kwamba unapiga dokumentari kuhusu luku za vijana, yaani mitindo yao ya mavazi, kila mtu huwa na la kukufunza, na mengi kati ya hayo si kweli. Tumeyapanga hapa kwa jinsi yanavyokuja, kuanzia kwenye kamera hadi kwenye cherehani.

“Filamu huru ni filamu ya bei rahisi.”

Uhuru wa filamu haupimwi kwa mfuko. Unapimwa kwa kuuliza ni nani mwenye neno la mwisho wakati wa kuhariri. Kama aliyeipiga ndiye anayeamua kibaki nini na kitoke nini, ni filamu huru hata ikila mamilioni. Video ya shirika iliyorekodiwa kwa simu siku moja si huru hata chembe, maana aliyelipa alishajua mwisho wake kabla kamera haijawashwa. Na anayedhani kamera kubwa ndiyo inayobeba filamu akumbuke kwamba dokumentari ya Kenya *Softie*, ya Sam Soko, ilipotoka tamasha la filamu la Sundance mwaka 2020 na tuzo maalum ya majaji, tuzo hiyo ilikuwa ya uhariri.

Gharama ipo, ila imejificha. Dokumentari ya dakika 20 huweza kutoka kwenye saa 15 za video. Ukirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, kila saa inakula takriban gigabaiti 22. Saa 15 ni gigabaiti 330 na ushee, na nakala zinatakiwa tatu, moja ikae nyumba nyingine. Mahojiano ya saa moja kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, hayaandikwi na kutafsiriwa chini ya saa nne. Wengi hupangia bajeti kamera na kusahau diski na mtafsiri.

“Picha ikiwa safi, sauti itarekebishwa baadaye.”

Hapa ndipo filamu nyingi hufia. Mtazamaji huvumilia picha yenye chenga, lakini maneno asiyoyasikia humwinua kitini. Soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, linapofurika kuliko siku zote, lina wauzaji wenye vipaza sauti, boda boda, redio karibu kila kibanda na, kuanzia alasiri, upepo unaotoka ziwani. Maiki ya simu iliyo mita mbili kutoka kwa msemaji huvichukua vyote hivyo bila kubagua. Programu za kusafisha kelele zikikazwa, mtu husikika kama anaongea ndani ya mtungi.

Dawa ni kusogea. Tumia maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, karibu shubiri moja. Usiifiche ndani ya jaketi la nailoni, kwa kuwa kila akijigeuza itakwaruza. Ivishe manyoya dhidi ya upepo. Kipande cha mwanasesere wa manyoya marefu kutoka rundo la mitumba kinatosha, mradi kitambaa cha nyuma kipitishe pumzi ukikipuliza. Weka kiwango cha kurekodi ili vilele vya sauti viguse desibeli -12, si zaidi, kwa sababu muuzaji anayezungumza nawe taratibu atageuka ghafla kumwita mteja, na sauti ikishapasuka haiungiki. Omba redio izimwe: wimbo ukisikika nyuma ya maneno, kila unapokata sentensi nao huruka. Kabla hujaondoka, rekodi sekunde 60 za mahali hapo bila mtu kusema neno. Wanaoona hili ni upuuzi hulikumbuka wakati wa kuhariri, kila mkato unapoacha shimo la ukimya.

Mahojiano ni ya asubuhi. Mvua ya Kisumu hupenda alasiri na jioni, na ikianza kupiga mabati, mazungumzo yamekwisha.

“Ile mistari inayotembea kwenye video ni ubovu wa simu.”

Ni umeme. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi za dukani hufifia na kung'aa mara 100 kila sekunde, jicho lisione. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde zisipobadilishwa, na hesabu hizo mbili hazipatani. Weka fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, au 1/100 mwanga ukizidi. Kama kamera ya simu yako haikuruhusu, programu ya Blackmagic Camera inaruhusu, na ni ya bure.

“Jua likiwaka, mwanga upo wa kutosha.”

Upo, ila umekaa vibaya. Kisumu na Nakuru ziko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa sita hutia macho kivuli kama shimo. Jioni nako jua hushuka karibu wima, digrii 15 kwa saa, kwa hiyo ule mwanga laini wa mwisho hudumu kama dakika 25 tu. Mchana msimamishe mtu ndani ya kivuli cha veranda akitazama nje. Ukuta mweupe nyuma yake huidanganya simu, ikautia uso giza. Gusa uso kwenye kioo, ushikilie hadi kipimo cha mwanga kijifunge.

“Vijana wa huku wanaiga Nairobi, na Nairobi inaiga Marekani.”

Anayesema hivi hajawahi kukaa nusu saa kando ya fundi cherehani. Kwanza kuna hali ya hewa: Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850. Jaketi nene linaloning'inia likikosa mnunuzi Kibuye lina mwenyewe Nakuru jioni hiyo hiyo. Pili, mtumba (neno lenyewe ni furushi) huja kwa belo, mara nyingi la kilo 45, na anayefungua hajui atakuta nini. Nguo za daraja la kwanza sokoni huitwa kamera, jina ambalo halihusiani kabisa na lenzi yako. Masalio ni fagia. Luku ya kijana huanzia kwenye bahati ya belo, halafu ikapitia kwa fundi.

Chukua suruali pana ya jinzi, kiuno inchi 38, mnunuzi ana 32. Inchi sita lazima zitoke, na miguu ibaki pana ilivyo. Fundi mvivu huzitoa zote nyuma, na mifuko miwili ya makalio inakaribia kubusiana. Anayejua kazi hufumua mkanda wa kiuno, akatoa inchi mbili nyuma na mbili kila ubavu, ndipo akaurudisha mkanda. Mguu ukihitaji umbo, hukatwa upande wa nje, kwa kuwa mshono wa ndani wa jinzi nyingi umekunjwa na kushonwa mara mbili, na kuufumua ni kazi ya asubuhi nzima. Sindano ni namba 16. Ya 14 huruka mishono au huvunjika pale kitambaa kinaporundikana. Suruali inayotoka hapo haina pacha kwenye picha yoyote ya mtandaoni.

Kwa mwenye kamera, hiyo ni mfululizo mzima: kipimo, chaki, wembe ukifumua, mguu kwenye pedali, kijana akijitazama. Shikilia kila picha sekunde kumi bila kuisogeza. Wanaoanza hukata baada ya tatu, kisha wanakosa pa kuunganishia.

Kofia za kufuma kwa kulabu (krosheti) nazo husemwa ni za kiwandani. Mshono huo wa kulabu haujapata mashine ya kiwandani ya kuufuma. Kofia moja ni kama gramu 100 za uzi wa unene wa kati, kulabu ya milimita 4 au 5, na jioni moja au mbili za mkono wa mtu. Bei yake isikushangaze.

“Dokumentari ni ukweli mtupu, hakuna kinachopangwa.”

Robert Flaherty, akipiga *Nanook of the North* iliyotoka 1922, alijengewa nyumba ya barafu iliyo wazi upande mmoja ili kamera ipate mwanga. Mjadala huo ni wa zamani kuliko runinga. Kwa maoni yetu, kumwomba fundi arudie mstari wa chaki si kosa, kwani angeuchora hata usingekuwapo. Kumvisha kijana shati lililotoka kwenye begi lako, kisha ukasema ndivyo avaavyo, ni uongo. Kumlipa muuzaji kwa wateja aliowakosa ni haki. Kumlipa ili aseme neno fulani ni kununua shahidi.

“Mitumba ndiyo iliyoua Kicomi.”

Kila filamu kuhusu nguo Kisumu hukutana na kauli hii kuhusu Kicomi, kiwanda cha zamani cha nguo cha mji huo, na mara nyingi huimeza nzima. Mitumba ilichangia. Lakini biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, vitambaa vipya vya bei nafuu kutoka nje vilipita mlango uo huo, wakati ambapo ununuzi wa pamba kutoka kwa wakulima ulikuwa umeporomoka. Mhoji mkulima wa pamba na mfanyakazi wa zamani wa kiwanda kabla hujamhukumu mama wa kibandani.

“Sekunde saba za wimbo ni halali.”

Hakuna sekunde za bure. Wimbo wa ohangla au benga una haki mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na zote zinahitaji ruhusa ya maandishi. Nchini Kenya haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake.

“Simu haihitaji leseni.”

Sheria ya filamu, Sura ya 222, haiulizi ukubwa wa kamera. Inauliza kama filamu itaonyeshwa hadharani au kuuzwa. Leseni ya kurekodi ni kitu kimoja, na kuainishwa kwa umri wa watazamaji na KFCB, bodi ya kuainisha filamu (GE ya watu wote, PG ya watoto wakiwa na mzazi, 16 au 18), ni kingine. Ya kwanza haikupi ya pili. Droni ni habari ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na uwanja wa ndege wa Kisumu uko jirani mno na mji kwa mtu kujaribu bahati. Sokoni anza na mwenyekiti wa soko, kisha mwenye kibanda. Aliye chini ya miaka 18, mzazi ndiye anayetia sahihi.

“Iweke YouTube kwanza, matamasha yataiona.”

Matamasha mengi hutaka onyesho la kwanza liwe lao, na filamu iliyokwisha kuwekwa mtandaoni huenguliwa kabla haijatazamwa. Tuma kwanza, ukitumia kiungo chenye nywila. Ya chini ya dakika 40 kwa kawaida huingia kundi la fupi, na ya dakika 15 hupangika kwenye ratiba kwa urahisi kuliko ya 35. Maandishi ya tafsiri yasizidi mistari miwili, herufi kama 42 kwa mstari. Kabla ya kuionyesha ukumbini, fika mapema kwa saa mbili ufunge mapazia na uicheze ukiwa umekaa safu ya nyuma kabisa, kwa sababu huko ndiko maneno hupotelea kwanza.