Kichanga anakoroma? Kimeo hakihusiki

Kuanzia Juni upepo wa Dodoma ukishaanza kuvuma, hewa inakauka, vumbi linaingia hadi chini ya chandarua, na wazazi wengi wanaanza kuuliza swali moja: mbona mtoto anakoroma?

"Ana kimeo, akatwe." Kauli hii inaniuma kuliko zote. Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Kila mtu anacho, na hakimkoromeshi mtoto. Kukikata kunaweza kuleta damu isiyokatika, pepopunda na maambukizi, na wapo watoto waliokufa kwa sababu hiyo. Bibi akisisitiza, mheshimu, lakini mtoto usimtoe.

Mara nyingi kinacholia ni pua. Kichanga hupumua zaidi kwa pua, na tundu zake ni nyembamba kiasi kwamba kamasi kidogo tu linatosha kutoa sauti. Moshi wa jiko la mkaa ndani huzidisha. Nunua matone ya maji ya chumvi duka la dawa, weka tone moja au mawili kila tundu kabla ya kunyonya, kisha futa kwa kitambaa laini.

"Mtie samli puani." Hapana. Mafuta huteleza hadi mapafuni na kuyaumiza. Dawa za kuchua zenye kafuri nazo si za umri huu.

Wapo wanaotoa sauti kama filimbi wakivuta pumzi, hasa wakilia au wakilala chali, na majirani wakasema karogwa. Kwa wengi ni gegedu (mfupa laini) la juu ya zoloto, yaani sehemu ya koo inayotoa sauti, halijakomaa. Mara nyingi sauti hiyo huisha yenyewe kabla ya miaka 2. Hata hivyo daktari amwone, na usimlaze kifudifudi ili kuipunguza.

Kupumua kwa vituo vya sekunde chache pia ni kawaida.

"Tusubiri kukuche." Kwa hili usimsikilize mtu. Akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Kwa kichanga wa chini ya miezi 2, zikifika 60 au zaidi, rudia kuhesabu. Zikibaki hivyo, nenda hospitali. Nenda pia kifua kikibonyea ndani, akiguna kila pumzi, midomo ikiwa ya bluu, akishindwa kunyonya, au mwili ukiwa wa moto au wa baridi. Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunike kwa kitenge juu ili upepo usimpate, na kama anaweza kunyonya, mnyonyeshe njiani.