Je, wajua kwa nini kadi ya treni iliwasaidia wanafunzi wa New York kumaliza chuo?

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, kilianzisha katika vyuo vyake vya jamii mpango unaoitwa ASAP. Aliyejiunga alipata, miongoni mwa mengine, MetroCard ya mwezi mzima, kadi ya kupandia mabasi na treni za chini ya ardhi. Watafiti wa taasisi ya MDRC walipoupima mpango huo, walikuta kwamba ndani ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwamo walikuwa wamehitimu. Kwa wenzao wasiokuwamo ilikuwa asilimia 22. Sasa nauli na cheti vinahusiana vipi?

Kwanza tuvijue vyuo vyenyewe. Vyuo vya jamii vya Marekani ni vya umma, ada yake ni nafuu, na vinatoa shahada ya miaka miwili. Ukishaipata unaweza kuhamia chuo kikuu au kwenda kazini: unesi, uhasibu, ufundi wa mitambo. Kikongwe kuliko vyote, kile cha Joliet, jimboni Illinois, kilianza mwaka 1901, na leo nchi nzima ina takriban elfu moja. Mlango wake uko wazi kwa karibu kila aliyemaliza sekondari. Ndiyo maana darasa moja unaweza kumkuta kijana wa miaka 18, mlinzi aliyetoka zamu ya usiku, mama wa watoto watatu, na katika mji kama Columbus, Ohio, pengine Mkongomani aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma.

Kuingia ni rahisi. Kutoka na cheti ndiyo kazi. Nchi nzima, wanaomaliza ndani ya miaka mitatu masomo ya miaka miwili ni kama theluthi moja tu, na kwa Weusi na Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, hali ni mbaya zaidi kuliko kwa Wazungu. Wengi wa wasiomaliza hata hawajadisko. Wameacha tu kuja. Gari limeharibika, bosi kabadilisha zamu, fomu ya msaada wa ada imekwama ofisini, basi muhula unaofuata jina halimo. Hakuna aliyemfukuza, na mara nyingi hakuna aliyepiga simu kuuliza.

Kuna shimo jingine ambalo vyuo vilijichimbia vyenyewe. Kwa miaka mingi mwanafunzi mpya alifanyishwa mtihani mfupi wa hesabu na Kiingereza. Akionekana dhaifu alipelekwa madarasa ya kujazia, ambayo anayalipia lakini hayahesabiwi kwenye shahada. Wengine walipangiwa ngazi tatu za hesabu kabla ya kufika hesabu ya chuo. Chukua wanafunzi 100, na tuseme kila ngazi wanafaulu saba kati ya kumi, ambayo mwalimu yeyote ataiona si mbaya. Baada ya ngazi ya kwanza wamebaki 70, ya pili 49, ya tatu 34. Na hapo hatujawatoa waliofaulu lakini muhula uliofuata hawakujiandikisha. Weusi na Walatino ndio waliosukumwa huko kwa wingi zaidi.

Kibaya zaidi, mtihani wenyewe ulikuwa mpimaji hafifu. Alama za miaka yote ya sekondari zinatabiri vizuri zaidi nani ataweza masomo ya chuo kuliko asubuhi moja mbele ya kompyuta. California ikatunga sheria, AB 705, mwaka 2017: vyuo vitazame alama za sekondari, na mwanafunzi aanzie moja kwa moja somo la chuo, akipewa msaada wa ziada sambamba na somo hilo pale inapohitajika. Ndani ya darasa lenyewe kiwango cha kufaulu kilishuka kidogo, na wapinzani walilishikilia hilo. Lakini idadi ya waliomaliza hesabu ya chuo ndani ya mwaka mmoja ilipanda sana, kwa sababu zamani wengi hawakulifikia darasa hilo kabisa. Kwangu mimi hesabu hii ya pili ndiyo yenye maana. Pengo la rangi, hata hivyo, halikuzibika.

Turudi kwenye kadi. Haikutolewa bure bure tu. Iliambatana na masharti, na kubwa lilikuwa kuonana na mshauri wa masomo mara kwa mara. Kwa utaratibu wa kawaida wa vyuo hivyo mshauri mmoja alikuwa na wanafunzi kati ya 600 na 1,500. Huwezi kumjua mtu kwa hesabu hiyo, hata uwe na moyo wa dhahabu. Katika ASAP alikuwa na 60 hadi 80. Aliyekuja kufuata kadi yake aliulizwa: hesabu inaendaje, mbona hukuonekana kwa mkufunzi wa ziada, umeshachagua masomo ya muhula ujao? Jambo ambalo lingejulikana baada ya mtu kupotea likajulikana mapema, lingali dogo. Juu ya hapo mpango ulifidia ada iliyosalia baada ya ruzuku za serikali, na ukatoa vitabu.

Mtu atasema: waliojiunga ni wale wenye bidii, wangemaliza tu. Ndiyo maana utafiti ulitumia bahati nasibu. Wanafunzi 896 wa kipato cha chini, katika vyuo vitatu, wote walikubali kujiunga, na kura ndiyo iliyoamua nani aingie na nani abaki nje. Baadaye vyuo vitatu vya Ohio vikaiga. Huko watu wengi wanategemea magari, kwa hiyo badala ya MetroCard walipewa kila mwezi kadi ya dola 50 ya mafuta au chakula. Matokeo ya miaka mitatu: walihitimu asilimia 35 ya waliokuwamo, kwa asilimia 19 ya wasiokuwamo. Kwa hiyo treni yenyewe haikuwa na uchawi wowote. Na kwa kuwa kila kitu kilitolewa kwa pamoja, utafiti haukuweza kusema kipande kipi kilifanya kazi kubwa zaidi.

Mbona basi si kila chuo? Mpango wa New York uligharimu kama dola 16,300 za ziada kwa kila mwanafunzi kwa miaka mitatu. Ukigawanya fedha zote kwa idadi ya waliohitimu, kila cheti kilitoka kwa bei ya chini kuliko kawaida, maana waliohitimu walikuwa karibu maradufu. Ila bajeti ya chuo kwa kawaida hupangwa kwa vichwa vilivyojiandikisha, si kwa vyeti vilivyotoka. Gharama inaonekana mwaka huu. Faida inakuja baada ya miaka mitatu.

Halafu kuna sharti ambalo wasifiaji wa mpango hulipitia haraka: mwanafunzi wa ASAP lazima asome muda wote, si somo moja moja jioni. Yule mlinzi wa usiku na yule mama wa watoto watatu, wengi wao, hawawezi kulitimiza.